Wanawake Wanne na Spika ya Mwalimu Respicius

Mwalimu Respicius aliwatoa wanawake wanne kwenye kwaya siku ya Jumatatu, mbele ya kwaya nzima, na shahidi aliyemleta alikuwa spika.

"Kaseti yetu ya majaribio nimeisikiliza mara sita," alisema, amepanda ngazi ya altare ili na yeye aonekane mrefu. "Mara sita, nyumbani kwangu, kwenye spika kubwa. Sauti ya kwanza ipo. Ya tatu ipo. Ya nne ndiyo usiseme, inatingisha kuta. Sauti ya pili sijaisikia. Sasa Jumamosi mtu wa kurekodi anashuka na treni kutoka Tabora, mikrofoni anazo mbili tu, hatuwezi kujazana mbele yake kama tunagombea maji. Mama zangu wa sauti ya pili, nyie mpumzike."

Mama zake hao walikuwa Rozalia, Lusia, Pudensiana na Romana. Romana ndiye mkubwa wao. Alianza kuimba sauti ya pili hapo Nsemulwa kanisa likiwa bado la nyasi, na hadi mwaka huo wa tisini na sita alikuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amewaimbia maharusi, akawaimbia watoto wao ubatizo, na baadhi yao akawaimbia kaburini, bila kukosa hata mmoja.

"Tupumzike, tumechoshwa na nini?" Romana aliuliza.

"Umri nao, mama."

"Umri wangu umekulalamikia wewe?"

"Mama Romana, haisikiki sauti yenu. Mnaimba chini kwa chini, kama watu wanaosengenya."

Wanaume wa sauti ya nne wakacheka. Hapo ndipo moto ulipowaka. Kutolewa Romana angeweza kumeza, kama mtu anavyomeza kwinini. Lakini kuchekwa, na Masunga mpiga ngoma ambaye yeye mwenyewe alimfundisha Baba Yetu! Kaseti ile ingepanda treni, ingefika mpaka kijijini kwao Mamba, shemeji zake wangekaa kuisikiliza, na Romana asingekuwemo. Ingekuwa kana kwamba miaka yote hiyo alikuwa akienda kanisani kupiga miayo.

Kuku wake jioni hiyo walijua kuna jambo. Hata jogoo, ambaye kwa kawaida alikuwa na mdomo, aliingia bandani bila kuitwa.

Jumanne asubuhi, Mwalimu Respicius akiwa shuleni anafundisha, Romana alibisha hodi nyumbani kwake. Mkewe, Immaculata, alimkaribisha sebuleni.

"Nimekuja kumsalimia huyo aliyenifukuza," Romana alisema. "Yuko wapi?"

Immaculata akaonyesha kona. Spika lilikuwa limesimama huko sakafuni, sanduku jeusi la mbao, refu kama mtoto wa darasa la pili, na kichwani limevalishwa kitambaa cha kudarizi.

"Mbona amevaa vizuri kuliko mimi?"

"Bibi, usinichekeshe, mimi nimelichoka. Tangu liingie humu sijasikia tangazo la kifo la redioni likaeleweka. Juzi shangazi yangu kafariki Kasekese. Jina la marehemu nimelisikia, la kijiji limemezwa humo ndani. Nimelia siku nzima sijui nakwenda msiba wa wapi."

Akaunganisha nyaya kwenye betri ya gari, akaiweka ile kaseti. Lo! Vikombe kabatini vikaanza kugongana meno. Ngoma ya Masunga ilipiga, Romana akaisikia tumboni kabla ya masikioni. Sauti ya nne ikanguruma kama lori la tumbaku linapanda mlima. Romana akasogea, akarudi nyuma, akainama, akategesha sikio moja halafu la pili. Kweli, hakuna Rozalia, hakuna Lusia, hakuna mtu.

"Una redio kaseti nyingine?"

"Ipo ya jikoni, ndogo, ya mawe mawili ya betri. Imefungwa kwa mpira wa baiskeli isifunguke."

"Ilete hiyo."

Kaseti ile ile ikaingia kwenye kile kiredio cha jikoni, na mara Rozalia huyo hapo, ametoka pua na mdomo! Na Pudensiana, na mwingine na mwingine, wote wanne, wembamba kidogo lakini wapo. Romana akasikia hata mmoja wao anajivuta nyuma ya wenzake, akajisemea moyoni: Lusia huyo, nitamsema. Lakini hiyo ilikuwa kesi ya siku nyingine. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa peku; sasa ilipata viatu.

"Nani alimtengenezea mume wako lile jeneza?"

"Fundi Ponsian, wa sokoni."

Ponsian alikuwa na kibanda kilichojaa redio zilizofumuliwa matumbo. Mkononi ameshika chuma cha kulehemu, na moshi wake unamuingia machoni, ndiyo maana hakumuona Romana mpaka kivuli chake kilipoanguka juu ya meza.

"Shikamoo, bibi."

"Sijaja kushikwa miguu. Spika ulilomtengenezea Mwalimu Respicius linakula watu."

Ponsian akaweka chuma chini. Romana akamsimulia yote, tangu ngazi ya altare mpaka redio ya jikoni, na kila alipofika kwenye kicheko cha sauti ya nne sauti yake ilipanda, mpaka wauza dagaa wa jirani wakaacha kuita wateja wapate kusikiliza.

"Bibi, siyo kwamba spika ni bovu," Ponsian alisema. "Mwalimu alilitaka hivyo hivyo. Watu wote wanataka besi. Nami ntakwambia kwa nini. Sikio siyo mizani. Mizani, kilo ni kilo. Sikio lina upendeleo. Mtoto akilia hapo sokoni, hata kwa mbali, unamsikia, kwa sababu masikio yetu yameumbwa na njaa ya sauti za namna hiyo. Lakini besi sikio linaidharau. Ukiwa umefungua redio kidogo kidogo nyumbani, besi ndiyo ya kwanza kutoroka. Mteja anasema, fundi, hili halina utamu. Basi nazidisha besi, ili hata akipunguza sauti asikie utamu."

"Na akifungulia sana?"

"Akifungulia sana besi inarudi yote, pamoja na ile niliyozidisha. Na besi ikiwa kubwa ina tabia ya bwana mwenye wake wengi, wadogo wote wanafunikwa. Halafu kaliweka wapi, kwenye kona? Sakafuni? Ee, basi! Kona inaongeza tena. Hapo hata malaika akiimba sauti ya pili hasikiki."

"Wewe ulimwambia haya?"

Ponsian akaanza kutafuta kitu mezani ambacho hakikuwepo.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Bibi, biashara." Akakuna shingo. "Alikuja hapa kuchagua. Nilikuwa na lile kubwa, na lingine la wastani lenye sauti safi. Mtu akilinganisha spika mbili, ile inayosikika zaidi, hata kwa tone moja, ataapa ndiyo nzuri. Hatasema ina sauti kubwa. Atasema nzuri. Ndiyo lilivyo sikio la binadamu. Basi lile kubwa lilikuwa limenijazia nafasi, nikageuza kidogo kinobu cha kuongezea sauti yake."

"Kidogo kiasi gani?"

Akamwonyesha kwa vidole, upana wa punje ya mpunga.

Romana alikuwa na mkono mzuri wa kofi, wajukuu wote wangeshuhudia, na mkono ulimuwasha.

"Kwa hiyo miaka thelathini na mmoja imefutwa na punje ya mpunga."

"Bibi, nisamehe."

"Msamaha uko kwa padri, Jumamosi saa tisa, upange foleni. Mimi nataka spika. Na nataka kesho uje nalo wewe mwenyewe, ukageuze hicho kinobu chako mbele ya watu."

Ponsian aliyejua makosa yake hakubisha. Akatoa spika ya karatasi upana wa sahani ya chai, akaifunga kwenye mdomo wa mtungi wa maji, kama walivyofanya watu wengi mjini ambao hawakuwa na mbao. Akaiwasha. Mtangazaji akasikika anaongea kutoka kisimani.

"Mtungi una mvumo wake wenyewe," alisema. "Kila sauti inayoingia unataka kuimba nayo." Akafungua, akaujaza pamba mbichi aliyoomba kwa Msukuma mmoja wa pale sokoni, akafunga tena. Mtangazaji akatoka kisimani, akakaa mezani.

Jumatano alasiri sebule ya Mwalimu Respicius ilijaa. Walikuwepo wale wanawake wanne, Immaculata, Ponsian na mtungi wake, na Specioza mpiga kayamba, mama mwenye maneno machache ambaye Romana alimwita kwa sababu hakuwahi kusema uongo hata pale uongo ulipohitajika. Kati ya watu na spika, Immaculata alifunga kitenge kwenye kamba. Mtungi uliwekwa juu ya kiti, usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa.

"Huu ni mchezo gani?" Mwalimu Respicius alisema. Lakini alikaa, maana mkewe alikuwa amemtazama.

"Wewe si una masikio ya kufukuza watu?" Romana alisema. "Yatumie. Ponsian atapiga spika la kwanza, halafu la pili. Utatuambia lipi zuri."

Wimbo ukapigwa kipande, ukahamishwa, ukapigwa tena.

"La kwanza," Mwalimu alisema bila kusita. "Linajaza. Mnaona? Kitu kizuri hakijifichi."

"Rudia, fundi."

Nyuma ya kitenge Ponsian aligeuza kinobu. Wimbo ukapigwa, ukahamishwa.

"Hapa... la pili. La pili ni safi zaidi."

Pudensiana akaziba mdomo kwa kanga. Mara ya tatu Mwalimu akarudi la kwanza, mara ya nne la pili. Romana akafunua kitenge kwa fimbo yake.

"Mwalimu, hatujabadilisha spika. Kila mara la kwanza ni jeneza lako, la pili ni mtungi. Kilichobadilika ni kinobu tu. Unachagua kelele, kama mtoto anayechagua pipi kwa ukubwa wa karatasi!"

Mwalimu Respicius akawa mwekundu kadiri mtu wa kabila la Wapimbwe anavyoweza kuwa mwekundu. "Ponsian! Ndivyo ulivyonifanyia sokoni?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Utaniona."

"Mtaonana baadaye," Romana alisema. "Specioza, mama, simama mlangoni, tupe mgongo. Mwambie fundi sauti za spika zote mbili zikilingana."

Specioza akasimama, akasikiliza, akasema ongeza, akasema punguza, akasema hapo. Kitenge kikarudishwa. Wimbo ukapigwa kwenye sanduku, ukahamia mtungini. Mwalimu Respicius alikuwa na kiburi, lakini muziki aliujua, na sasa alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho. Ulipokwisha akainua kichwa.

"Sauti ya pili ipo," alisema.

Rozalia akapiga kigelegele. Lusia akasema, "Nyooo!"

"Ipo, na inashika wimbo wote," Mwalimu aliendelea, kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba. "Kwenye spika langu nilidhani wimbo umepoa kwa sababu yenu. Kumbe ni kisamvu nilikuwa nakila bila karanga. Nilikosea." Akafumbua macho. "Lakini yupo mmoja anachelewa."

"Hilo kweli," Romana akadakia, kwani leo alikuwa hakimu na hakimu hapendelei. "Hata mimi nilimsikia jana. Fundi, piga tena tumjue."

Ponsian akapiga. Wanawake watatu wakaja kwa pamoja, na nyuma yao mmoja akija kwa wakati wake, kavu, amebana pua kidogo.

"Huyo!" Romana alisema, akicheka. "Jamani, nani huyo? Anajivuta kama behewa la mizigo! Wenzake wamefika Tabora yeye bado yuko stesheni ya Ugalla. Na sauti yenyewe kama mbuzi aliyekanyagwa. Lusia, si wewe huyo?"

Hakuna aliyecheka naye. Lusia alitazama miguu yake. Immaculata akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa.

"Mbona mmenyamaza?"

"Romana," Rozalia alisema polepole, "huyo ni wewe."

"Mimi? Mimi huyo? Mimi sauti yangu naijua, naishi nayo!"

"Bibi," Ponsian alisema, "hakuna mtu anayeijua sauti yake. Ukiongea unajisikia kwa ndani, kupitia mifupa ya kichwa, inakuja nene. Sisi wa nje tunasikia hiyo ya kaseti. Kila mtu akijisikia mara ya kwanza anakataa."

"Wewe nyamaza, mwizi wa punje!"

Akageuka kwa Specioza. Macho yake yalikuwa yanamwomba uongo, japo mdomo ulisema, "Sema kweli."

"Ni wewe, mama," Specioza alisema. "Tangu Pasaka ya mwaka juzi."

Mwaka juzi! Watu walijua mwaka juzi na hawakusema! Romana alihisi damu inampanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Wakati ule ule Mwalimu Respicius alikuwa amekwisha kusimama, amepata pumzi yake yote.

"Basi imekwisha vizuri. Watatu mnarudi, mama Romana atapumzika. Hakuna wa kulaumiwa."

"Akitoka yeye na sisi tunatoka," Rozalia alisema.

"Nani kakuomba?" Romana alimfokea. "Miaka miwili unanisikia nachelewa, umekaa hapo bega kwa bega, unanihurumia! Huruma yako kapikie uji!" Akamgeukia Specioza. "Umekuja na kayamba lako? Pita nyuma yangu, ulitikise. Pole pole, halafu zaidi. Na nyie wote msinitazame kama maiti."

Specioza akapita nyuma. Sebule ikatulia. Romana alisubiri. Nje mtu alikuwa anapasua kuni, hizo alizisikia.

"Anza basi," alisema.

"Nimekwisha anza, mama. Muda mrefu."

Ndipo alipoelewa, na kuelewa huko kulimkasirisha kuliko kicheko chote cha Jumatatu. Sauti za juu, zile nyembamba za mchanga na majani, zilikuwa zimemwacha moja moja bila kuaga. Alidhani nyenje wamepungua Nsemulwa kwa sababu watu wanakata miti. Kanisani kayamba ndilo linaloongoza, na Masunga analijibu kwa ngoma. Yeye alikuwa amebaki na ngoma peke yake. Alikuwa anamfuata mfuasi.

"Masikio yote yanazeeka hivyo, bibi," Ponsian alisema. "Yanaanzia juu. Hata mimi yataanza."

"Mungu ayaharakishe." Romana akakaa, akaweka fimbo magotini. "Mwalimu. Kusikia nimeshindwa. Kuona sijashindwa. Mikono ya Specioza naiona mpaka kucha. Jumamosi nisimamishe mbele, nimtazame."

"Sauti ya pili inasimama nyuma. Siku zote."

"Siku zote ulikuwa unasikia vibaya pia."

"Na ukichelewa? Kaseti haifutiki ikishatoka."

"Kesho kuna mazoezi. Nikichelewa mara moja, mara moja tu, nitatoka kwa miguu yangu, na sitakulaani. Sana."

Mwalimu Respicius alitazama watu, akatazama mtungi. Alikuwa amekwisha kukiri kosa moja mbele ya mkewe, na la pili lingekuwa zito mno. "Mara moja tu," alisema.

Alhamisi Romana alisimama mbele, peke yake, pembeni ya mikrofoni ya mfano, ambayo ilikuwa fimbo ya ufagio. Sauti ya nne walikuwa nyuma wanakohoa kile kikohozi cha kuzuia kicheko. Yeye alikuwa amekodoa macho kwenye vifundo vya mikono ya Specioza, na kayamba lilipokwenda kushoto aliingia, liliporudi alitoka. Haukuwa uimbaji aliouzoea. Zamani aliimba huku anamtazama Bikira Maria, au dirisha, au kofia ya mtu. Sasa ilikuwa kama kuchambua mchele kwa haraka, ukipepesa jicho jiwe limepita. Alichukia kila mstari. Aliuimba kila mstari.

Mwalimu Respicius alisimamisha wimbo mara ya kwanza. Akamtazama Romana. "Tuendelee."

Akasimamisha mara ya pili. Akashuka ngazi, akaja mpaka karibu yake, akasikiliza akiwa ametega sikio kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. "Tuendelee."

Mara ya tatu alisimamisha katikati ya kiitikio, kwa kofi la mikono miwili. "Kuna mtu anachelewa!"

Romana hakuondoa macho yake kwenye mikono.

"Sauti ya nne! Nyie! Masunga, unapiga ngoma au unapiga soga? Mnajivuta, mnajivuta! Bibi amefika, nyie bado mko njiani!"

Nyuma yake Romana akamsikia Rozalia anacheka, kile kicheko chake cha puani ambacho walikuwa wakichekea pamoja tangu wakiwa wasichana. Alitamani sana kugeuka. Alitamani kuwaona wale wanaume nyuso zao, na kumwambia Rozalia neno, kwani lilikuwa limekwisha kumfika mdomoni.

Lakini Mwalimu alikuwa amekwisha inua mkono, na kayamba lilikuwa linaanza.